Deogratias: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina hili

Deogratias limeshakuwa la Kitanzania kiasi kwamba ukiita "Deo!" pale Sabasaba, Dodoma, wanaweza kugeuka muuza mitumba, kondakta na mwanafunzi wa chuo kwa pamoja. Wengi wanaolibeba waliambiwa utotoni kwamba ni jina la mtakatifu, basi, habari ikaishia hapo. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, majina ya Kagera, Kilimanjaro, Songea na Mbulu yamekutana na ya hapa Ugogo kwenye rejista za ubatizo na za shule, na maswali nayo yamefuata. Haya ndiyo yanayorudi kila mara.

Deogratias maana yake nini?

"Mungu ashukuriwe." Ni maneno mawili ya Kilatini yaliyoshikanishwa: *Deo*, "kwa Mungu", na *gratias*, "shukrani". Kitenzi hakimo, msikilizaji anakijazia mwenyewe.

Ukienda Misa ya Jumapili unalitamka jina hili kwa Kiswahili bila kujua. Msomaji akimaliza somo na kusema "Neno la Bwana", waamini wanajibu "Tumshukuru Mungu". Kwa Kilatini jibu hilo ndilo *Deo gratias*. Kwa hiyo hili si jina la sifa kama Beatus (mwenye heri) au Pius (mcha Mungu), wala si la kazi au la mahali. Ni sentensi. Mzazi anayempa mtoto jina hili amesema jambo, na kila atakayemwita mtoto huyo atalirudia, hata akiwa anamwita kwa ukali aje kuosha vyombo.

Kama Mungu kwa Kilatini ni Deus, mbona hapa ni Deo?

Kilatini hubadili mwisho wa neno kulingana na kazi yake katika sentensi. *Deus* ni Mungu anayetenda, *Deo* ni Mungu anayepewa kitu. Ndiyo maana Deusdedit ("Mungu ametoa") limeanza na *Deus*, wakati Deogratias, ambamo Mungu anapokea shukrani, limeanza na *Deo*. Anayeitwa Deus kwa kifupi mara nyingi ni Deusdedit, ingawa mtaani watu huchanganya na hakuna anayeumia.

Si ni jina la Wazungu tu, tuliloletewa na wamisionari?

Wamisionari walilileta huku kwetu, kweli. Lakini kabla ya hapo lilikuwa na historia ndefu ya Kiafrika, na hili ndilo jambo ambalo wanaoitwa Deogratias wangepaswa kuambiwa kwanza.

Tarehe 17 Julai 180, Wakristo 12, waume kwa wake, kutoka mji mdogo wa Scillium walisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi, Saturninus, mjini Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Walitakiwa waape kwa heshima ya Kaisari, wakakataa. Liwali akawapa siku 30 wakafikiri, wakazikataa nazo. Hukumu ya kuuawa kwa upanga iliposomwa, wakajibu kwa pamoja: *Deo gratias*. Kumbukumbu za kesi hiyo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo kwa lugha ya Kilatini, na yameandikwa Afrika. Mwaka 258 askofu wa Karthago, Sipriani, aliposomewa hukumu kama hiyo, naye alijibu maneno hayohayo.

Kufikia wakati wa Mtakatifu Agostino, miaka ya 400 hivi, maneno hayo yalikuwa yamegeuka salamu. Watawa wa Afrika ya Kaskazini walikutana na kuamkiana *Deo gratias*, kama Mkatoliki wa hapa anavyosema "Tumsifu Yesu Kristo" akajibiwa "Milele na milele, amina". Wadonati, waliokuwa wamejitenga na Kanisa, waliwacheka. Wao walipendelea *Deo laudes*, "sifa kwa Mungu". Agostino aliwashangaa: ndugu akimwona ndugu yake katika Kristo, amekosa sababu gani ya kumshukuru Mungu?

Kumpa mtoto sentensi nzima iwe jina lake nayo ilikuwa desturi ya huko. Mwana wa Agostino mwenyewe aliitwa Adeodatus, yaani aliyetolewa na Mungu. Askofu mmoja wa Karthago aliitwa Quodvultdeus, "apendalo Mungu", jina ambalo hadi leo sijasikia mzazi wa Dodoma akilithubutu. Desturi yenyewe ni ya kale kuliko Ukristo: Hannibal, jina la yule jemadari wa Karthago aliyevuka milima ya Alps na tembo, lina ndani yake jina la mungu Baali na fadhila zake. Wakristo walipokuja waliacha kumtaja Baali, wakaendelea kuwapa watoto majina yanayosema jambo. Mgogo hahitaji kufafanuliwa sana hapo, kwani huku watoto hupewa majina ya yaliyotokea walipozaliwa, na hata njaa huwa na majina yake, kama ile ya Mtunya ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ambayo wazee waliisimulia kama wanamsema mtu.

Mtakatifu Deogratias mwenyewe alikuwa nani?

Alikuwa askofu wa Karthago, karne ya 5, wakati mbaya sana kuwa askofu huko.

Mwaka 439 Wavandali, kabila la Kijerumani lililotoka Ulaya, wakiongozwa na Mfalme Genseric, waliuteka mji. Walikuwa Wakristo wa mafundisho ya Ario, wasiokubali kwamba Mwana ni sawa na Baba, nao waliwaona Wakatoliki kama wapinzani wa utawala wao. Quodvultdeus, yule mwenye jina refu, alipakiwa pamoja na mapadre wake kwenye vyombo vibovu wakasukumiwa baharini. Hawakuzama, walifika Napoli. Lakini Karthago ilikaa bila askofu miaka 15, mpaka mwaka 454, Kaisari Valentinian III alipomwomba Genseric aruhusu awepo askofu, na Deogratias akawekwa wakfu. Alikuwa tayari mzee.

Juni 455, Wavandali waliingia Roma, wakaipora kwa siku 14, kisha wakarudi Afrika na merikebu zilizojaa mateka. Walipofika pwani waligawana watu na Wamoori, wenyeji wa Afrika ya Kaskazini, kama mali. Mume alikwenda huku, mke kule, na watoto kwa tajiri mwingine. Deogratias alichukua vyombo vya ibada, vya dhahabu na vya fedha, akaviuza, akawanunua watu kwa fedha hiyo ili familia zisitenganishwe. Kisha likaja tatizo la pili: wawekwe wapi? Akafungua makanisa mawili makubwa, lile la Fausto na lile lililoitwa Novarum, akayajaza vitanda na majani makavu. Wengi walikuwa wameugua njiani. Mzee yule akawa anapita katikati yao na waganga, mchana na usiku, chakula kikiletwa nyuma yake ili kila mgonjwa apewe kinachomfaa. Tunayajua haya kutoka kwa askofu Victor wa Vita, aliyeyaandika katika karne hiyohiyo.

Alidumu katika kiti chake miaka mitatu tu. Alipofariki alizikwa kwa siri, kwa sababu watu walimpenda mno na ilihofiwa wangeugombania mwili wake. Baada yake Karthago ilikosa askofu tena, hadi Eugenius alipowekwa mwaka 481.

Mimi huwa nashangaa kwamba habari hii haihubiriwi zaidi katikati ya nchi hii. Njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza Ugogo, ikipitia kandokando ya Kilimatinde na Mpwapwa, na pamoja na pembe za ndovu walipita watu waliofungwa minyororo. Bagamoyo kwenyewe, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walianza kwa kufanya kile alichofanya Deogratias: kutoa fedha na kukomboa watumwa. Ukitafuta mtakatifu wa kale anayeielewa historia ya barabara hii, huna haja ya kwenda mbali.

Sikukuu ya Mtakatifu Deogratias, somo wa wenye jina hili, ni lini?

Tarehe 5 Januari katika orodha ya sasa ya watakatifu ya Kanisa la Roma. Vitabu vya zamani huonyesha 22 Machi, na wapo wazee wanaoishika hiyo. Ya Januari ina ubaya mmoja: inaangukia siku ambazo kila mtu amechoka na sherehe na anawaza ada ya shule.

Kuna Deogratias mwingine wa kale?

Yupo mmoja ambaye makatekista wangempenda. Alikuwa shemasi wa Karthago karibu na mwaka 400, akiwafundisha watu waliokuja kuomba Ukristo. Alimwandikia Agostino kumlalamikia kwamba anapofundisha anajichosha mwenyewe, maneno yanatoka makavu, na anahisi wasikilizaji wamechoka pia. Agostino alimjibu kwa kitabu kizima cha ushauri, akikiri kwamba hata yeye maneno yake karibu kila mara humkatisha tamaa. Katekista anayeendesha baiskeli kutoka kigango hadi kigango kwenye jua la Bahi anajua barua ya namna hiyo ingeandikwaje.

Na yuko mwingine ambaye hakubatizwa kwa jina hili, alipewa na watu. Felix wa Cantalice (1515–1587) alikuwa bruda Mkapuchini aliyezunguka mitaa ya Roma kwa miaka mingi akiiombea nyumba yake mkate. Apewe asipewe, alisema *Deo gratias*. Watoto wakamwita Ndugu Deogratias. Wakapuchini si wageni hapa: Beatus Kinyaiya, aliyeteuliwa mwaka 2014 kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Jimbo Kuu la Dodoma, ni wa shirika hilo.

Lilifikaje Tanzania, na kwa nini likapendwa hivi?

Kwa njia ya misheni za Kikatoliki, tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Lakini majina mengi yaliletwa na hayakushika. Hili lilishika, nadhani, kwa sababu lilisikika kila siku. Hadi mageuzi yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Misa ilisomwa kwa Kilatini, na *Deo gratias* lilikuwa jibu fupi ambalo kila mtumishi wa altare alipaswa kulijua kwa kichwa: baada ya somo, na tena padre alipotangaza kwamba Misa imekwisha. Mkristo asiyejua neno lingine la Kilatini alilijua hilo. Katika monasteri, kanuni ya Mtakatifu Benedikto inamwagiza hata bawabu ajibu *Deo gratias* mtu akibisha hodi.

Kwa upande wa Dodoma, jimbo Katoliki lilianza kama Prefektura ya Kitume mwaka 1935 chini ya Wapasionisti kutoka Italia. Waanglikana nao walikuwa na Dayosisi ya Central Tanganyika tangu mwaka 1927, na ndiyo maana ukitoka Mvumi au Kongwa unakutana zaidi na akina Yohana, Danieli na Petro, wakati kwenye parokia za Kikatoliki Kilatini kinajaa: Bonifasi, Donatus, Kreshensia, Felista. Siku hizi mipaka hiyo imelegea sana mjini.

Lipi sahihi, Deogratias au Deogratius?

Kwa asili ni Deogratias, kwa "a". Hilo halina mjadala.

Lakini nenda kaangalie vyeti. Deogratius ni wengi mno, wakiwemo watu maarufu. Mbunge aliyechaguliwa Chamwino mwaka 2020, Deogratius Ndejembi, huandikwa kwa "u". Kipa wa zamani wa Yanga aliyejulikana kama Dida, Deogratius Munishi, vivyo hivyo. Chanzo chake si kigumu kukisia. Majina ya kiume ya Kilatini tuliyoyazoea huishia na -us: Julius, Pius, Kornelius, Fortunatus. Sikio la karani likisikia "Deograti..." linamalizia lenyewe "-us", na kalamu inafuata.

Je, Deogratius halina maana? Hapa Kilatini kinatuchekesha kidogo. *Gratius* ni neno halali, maana yake "kinachopendeza zaidi". Kwa hiyo *Deo gratius* inaweza kusomeka "kinachompendeza Mungu zaidi". Hakuna mzazi aliyekusudia hivyo, lakini mwenye "u" kwenye cheti asijione kama amepewa jina bovu. Anayebatiza mtoto leo, mimi ningemshauri aandike "a". Aliyekwisha kusoma na kuajiriwa kwa "u", aendelee nayo.

Cheti cha ubatizo kina "a", cha kidato cha nne kina "u", na kitambulisho cha NIDA kimeandikwa vingine kabisa. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lenye machozi, kwa sababu huja wakati wa kuomba mkopo wa chuo, pasipoti au mafao ya mzee aliyefariki. Kanuni ya busara ni kuchagua andiko moja na kulifuata. Kwa kawaida ni la vyeti vya shule, kwa sababu hivyo ndivyo vigumu zaidi kubadilishwa. Kisha vingine vilingane nalo. Kwa tofauti ya herufi moja mbili, ofisi nyingi hukubali hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu, ikisema kwamba Deogratias na Deogratius ni mtu mmoja. Ukitaka kulibadili jina lenyewe, kuna hati ya kubadili jina inayoandikishwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo kamwone wakili, usiifanye kwa maelekezo ya kijiweni.

Cheti cha ubatizo si mbadala wa cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto mchanga, mwandikishe RITA ndani ya siku 90, na uende na jina limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Usilitaje kwa mdomo halafu ukatumaini. Cheti ukikipokea, kisome hapohapo dirishani kabla hujaondoka, hata foleni ikinung'unika.

Linatamkwaje?

Kwa Kilatini cha Kanisa ni "Deogratsias", mkazo ukiwa kwenye "gra". Warumi wa kale walisema "t" ya kawaida. Kiswahili kinaisogeza sauti kuelekea mwisho, na bibi wengi huongeza "i": Deogratiasi. Utasikia pia Deograsiasi. Yote yanaitikiwa.

Vifupisho vyake ni vipi?

Deo, mbele ya vyote. Hayati Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa aliyefariki katika ajali ya helikopta Oktoba 2015, alijulikana nchi nzima kwa kifupi hicho. Wengine ni Gratias, na Dio kwa wanaoharakisha.

Msichana anaweza kuitwa Deogratias?

Hakuna kinachozuia, kwa kuwa sentensi haina jinsia. Lakini Tanzania, Rwanda na Burundi limezoeleka kuwa la kiume, na binti ataulizwa maisha yake yote. Wengi huchagua Grasiana, Gracia au Deodata. Hilo la mwisho ni dada wa Deodatus, "aliyetolewa na Mungu".

Ni lazima mtu awe Mkatoliki?

Hapana. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wapo wanaolitumia.

Deogratias, Deusdedit, Deodatus na Adeodatus ni jina moja?

Ni ndugu, si jina moja. Deusdedit, Deodatus na Adeodatus yote yanasema kuhusu kutoa: Mungu ametoa, huyu ni zawadi yake. Deogratias ni jibu la aliyepokea. Familia moja inaweza kuwa na Deusdedit na Deogratias na isiwe imejirudia. Dieudonné la Kifaransa, linalopatikana sana Kongo na Burundi, liko upande wa Deodatus. Deogracias ni Deogratias lenyewe kwa maandishi ya Kihispania.

Kuna majina ya kwetu yenye maana hiyohiyo?

Mengi, na mengine ni mazuri kuliko hili la Kilatini, kama mtaniruhusu kusema. Kwa Kiswahili kuna Shukuru na Shukrani, yanayotumiwa na Waislamu na Wakristo. Wachaga wana Aikaeli na Aikaruwa, ambamo *aika* ni "asante" na *Ruwa* ni Mungu. Warundi wana Ndayishimiye, "ninamshukuru Mungu", jina la Rais Évariste Ndayishimiye. Wote hawa utawakuta Dodoma, kwenye ofisi moja, meza zimepakana.

Tunataka mtoto aitwe Deogratias na pia jina la babu yake la Kigogo. Tuyapange vipi?

Kwenye fomu weka Deogratias kwanza, kisha jina la baba, kisha la ukoo. Kama la babu ndilo la ukoo, kazi imekwisha. Kama silo, amueni mapema: au liwe jina la nyumbani tu lisiloandikwa popote, au liandikwe tangu siku ya kwanza kwenye kila karatasi, kuanzia kadi ya kliniki. Majina manne yanayoonekana kwenye cheti kimoja na kupotea kwenye kingine yatamrudisha kwa wakili, kuapa kwamba yeye ni yeye. Na babu aulizwe kwanza. Wapo wazee ambao majina yao yalitokana na mwaka wa tabu, na hawataki mjukuu alibebe.